Mlio wa Igawa Ulikuwa Wangu

Kamwene, wapendwa. Namshukuru Mungu aliyenifikisha leo nikiwa na mdomo wa kusemea, maana habari yangu yote ni ya mdomo. Wapuliza matarumbeta mliokaa pale mbele mtanielewa upesi. Ninyi wengine nitawaeleza polepole.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ipogolo, na kwenye bendi ya usharika napuliza honi, ile tarumbeta iliyojiviringa kama konokono. Nilianza nikiwa darasa la kipaimara. Honi haitaki nguvu, inataka midomo. Unaiweka kwenye kikombe kidogo cha chuma tunachokiita kidomo, unaitetemesha, sauti inatoka. Nyuma ya midomo kuna meno, na ndiyo yanayoishikilia. Watu walisifu sauti yangu kuwa laini, nami nikaanza kuamini kwamba bendi ni mimi.

Mwaka juzi jino langu la juu la mbele liling'oka. Lilikuwa limeoza siku nyingi. Ndugu zangu, nawaambia, sikumwambia mtu. Nikawa nacheka nimejifunika kanga mdomoni. Mazoezini nilikaa kama kawaida, ila mdomo wa juu ulikuwa unazama kwenye pengo, na sauti ikawa ya mate na hewa, kama mtu anayepenga kamasi. Dawa yangu ikawa kukandamiza. Noti ya juu ikinikwepa, nakandamiza zaidi. Mdomo ukachubuka kwa ndani, kikawa kidonda, kidonda kikatunga usaha. Mnisamehe, najua baadaye tunakula. Nikigeuza honi kumwaga maji, yalitoka mate mazito yenye damu, yananuka. Kidomo sikukiosha, ndani kulikuwa na utando wa kijani, na kila Jumapili nilikirudisha kinywani.

Lakini kinachonichefua zaidi siyo hicho.

Tuliitwa kupuliza kwenye maziko Igawa. Pale kaburini wimbo ulifika mahali ambapo honi mbili zinabaki zenyewe, yangu na ya binti mmoja aliyekuwa anakaa kiti cha pembeni yangu kwenye bendi. Nikatoa mlio kama mbuzi aliyekabwa shingo. Watu wakageuka. Wengine walijikaza wasicheke. Mjane aliinua kichwa akatutazama.

Tulipomaliza, mwalimu wa bendi alituita kando ya gari.

"Nani amefanya vile?"

Nikamwangalia binti. "Huyu bado, mwalimu. Kila siku namwambia afanye mazoezi."

"Dada, siyo mimi," binti akasema. Alisema mara moja tu. Nani angemwamini, na mimi ndiye mkubwa? Akaambiwa arudishe honi, apumzike kwanza. Njia nzima alikaa dirishani mwa gari, anatazama nje. Mimi nilikula mahindi ya kuchoma tuliyonunua barabarani. Nilikula nikamaliza, wapendwa.

Sasa nikabaki na honi peke yangu, na mlio ukaendelea. Mwalimu alisikia, akaninyamazia. Kunyamaziwa kule kulinitesa, lakini sikufungua mdomo.

Ndipo tukaenda Ubaruku kufanya mazoezi na bendi ya kule. Nilikalishwa pembeni ya mama mmoja anayefanya kazi mashineni, kwenye kukoboa mpunga, naye anapuliza honi. Wakati wa mapumziko alichomoa kidomo changu, akachungulia, akanusa, akakiweka chini.

"Dada, hiki unakitia mdomoni?"

"Ndiyo."

"Hebu fungua nione."

Nikafungua. Alikuwa mtu wa kwanza kuliona lile pengo.

"Pole. Mimi yalitoka mawili, nikaanza upya kama mtoto. Mbona hukusema?"

"Niliona aibu."

"Na uchafu huu hukuuonea aibu?"

Yeye alisema habari ya kidomo. Mimi mawazoni nilimwona yule binti dirishani mwa gari. Nikasimama mbele ya bendi zote mbili, nikasema, "Mwalimu, mlio wa Igawa ulikuwa wangu. Nilimsingizia mwenzangu."

Kesho yake nilikwenda kwao binti. Nilimkuta anapeta mahindi na mama yake, nikarudia maneno yaleyale mbele ya mama.

"Nilijua," binti akasema. "Si nilikuwa nimekaa pembeni yako? Nilikuwa nasubiri uje useme."

Hakunikumbatia, na sikustahili. Ila mwezi uliofuata alirudi kwenye bendi.

Honi niliiweka chini mpaka kidonda kikapona. Hospitali moja Mbeya walinitengenezea jino la bandia. Kidomo nilikichemsha, nikakisugua kwa sabuni na brashi. Nikaanza na midomo mitupu, naitetemesha huku nashona, mpaka wateja wakadhani nimechanganyikiwa. Baadaye noti moja, kisha mbili. Noti ya juu kabisa haijarudi, pengine hairudi tena.

Nawashukuru mama wa Ubaruku, aliyethubutu kunusa uchafu wangu, na mwalimu, aliyenipokea tena. Namshukuru binti, na mama yake, aliyenipa kigoda nikae siku ile. Kwenu nasema hivi: unapoumwa, sema mapema, kabla hujatafuta mtu wa kumbebesha.

Sasa tunapuliza. Sauti ya kwanza ni ya binti, mimi nashika ya pili. Mkisikia mlio mbovu, msimtazame yeye.