Miaprikoti ya Tuo Genwang

Baba yetu, Tuo Genwang, alizaliwa tarehe 2 Aprili 1946 katika kijiji cha Liushugou, kaskazini mwa Shaanxi. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita, na waliokua wakawa watu wazima ni wawili.

Alisoma miaka miwili tu, akatolewa kwenda kuchunga mbuzi. Kusoma alijua kidogo, lakini kwa kuhesabu hakuna aliyemshinda.

Tarehe 18 Novemba 1970 alimwoa mama yetu, Hao Fengying. Walilima mtama kwenye mteremko mkali mno. Mama alizoea kumwambia, "Ukiporomoka usiniite. Utanikuta chini."

Mwaka 2000 serikali ilitaka miteremko ya wilaya yetu irudishwe kuwa misitu, na wakulima walipwe ruzuku ya nafaka na fedha. Mbuzi wakapigwa marufuku mlimani. Baba aliuza wake wote kumi na mmoja, akaweka dole gumba kwenye mkataba. Miche iliyoletwa ilikuwa imekauka mizizi hata kabla ya kushushwa kwenye lori. Majirani waliichomeka hivyo hivyo. Baba alikataa. Aliotesha mbegu za miaprikoti ya mlimani, na kwa miaka minne akaipandishia maji kwa mabega yake, ndoo mbili mbili.

Mwaka 2003 alikuja mkaguzi. Hakupanda mlima, alisimama barabarani na darubini yake.

"Mzee, miti yako haimo kwenye orodha."

"Si uiongeze, kijana? Kalamu unayo."

"Haiongezwi."

"Na ile ya majirani ng'ambo pale, mikavu?"

"Ile imo."

"Imekufa."

"Imekufa, lakini imo."

Ruzuku yetu ikakatwa miaka mitatu. Waliopanda vijiti wakalipwa, na aliyepanda msitu akala uji wa mahindi. Nimeombwa nisome wasifu huu kwa upole. Siwezi. Nina hasira, na waliomfanyia hivyo wengine wamesimama hapa na vitambaa vyeupe vya msiba mkononi.

Mwaka 2006 mkaguzi mwingine alipanda kwa miguu, akaiandika miti yote, mia nne na kumi na miwili. Baba alimpa aprikoti mfuko mzima. Tulimlaumu, akacheka tu.

Mwezi Agosti mwaka jana aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alifariki nyumbani tarehe 6 Machi 2013, alfajiri, akiwa na miaka sitini na sita. Aliomba kitu kimoja: azikwe katikati ya miti yake.

Jana afisa wa misitu alikuja akatuambia kwamba ardhi ile ni ya msitu. Tuking'oa hata mti mmoja tumevunja mkataba, na ruzuku itakatwa tena. Ruzuku hiyo ndiyo inayomlisha Mama. Mama akawageukia wachimba kaburi.

"Mnangoja nini? Ng'oeni. Mzee alipokuwa akibeba maji, huyu afisa alikuwa wapi?"

Marehemu ameacha mjane, Hao Fengying, wana wawili, Tuo Jianhu na Tuo Jianbao, mimi binti yake, Tuo Xiuping, wajukuu watano, na miaprikoti mia nne na kumi na mmoja. Watakapokuja kuhesabu, safari hii wapande mlima. Mmoja unaopungua watamkuta yeye mahali pake.

Pumzika, Baba. Maji tutapandisha sisi.