Jiwe Juu ya Nyumba ya Matonya

Kijiwe chetu cha Majengo kiko nyuma ya maduka ya nafaka. Benchi limevunjika mguu, tukaliwekea tofali, na hapo hukaa watu wanaojua kila kitu isipokuwa kazi. Jana alasiri kesi ilikuwa ya Matonya. Amemaliza nyumba chini ya kilima, upande wa Zuzu, na juu ya kilima kuna jiwe kubwa kama ghala la mahindi. Mkewe, Dorkasi, amegoma kuhamia. Anasema jiwe litawalalia na watoto. Matonya alikuja kutafuta maneno ya kumtuliza, na maneno kwetu hayajawahi kuadimika.

— Mwambie halianguki, alisema Castory, tunayemwita Injinia kwa kuwa aliwahi kulinda geti la kampuni ya ujenzi. Lina mzizi. Mawe yote ya Dodoma yana mizizi, inashuka mpaka kwenye moto wa chini.

— Mzizi kama muhogo? aliuliza Bashiri.

— Cheka tu. Hujasoma.

— Na wewe umesomea getini.

Bashiri ni mtu wa Kondoa. Tunamwita Korongo, maana kila hadithi yake huishia kwenye makorongo ya kwao.

— Wataalamu wa miamba walishapita kwetu, alisema. Hayo mawe yaliivia chini ya ardhi, kabla hata mjusi hajaumbwa. Juu yake kulikuwa na udongo, mlima mzima. Mvua ikauosha, miaka kwa miaka, mawe yakabaki uchi yamepandana.

— Udongo wa mlima mzima ulikwenda wapi? aliuliza Injinia.

— Bahi. Unadhani mpunga wao unaota kwenye nini?

Hapo alikaribia ukweli, ndiyo maana hakuna aliyemwamini. Mimi mwenyewe nilimzomea.

— Hapa palikuwa bahari, alisema Injinia. Mawimbi ndiyo yaliyoyaviringisha. Ukilamba jiwe la Zuzu lina chumvi mpaka leo.

— Ulililamba lini?

— Kuna mtu nilimtuma.

— Basi na mimi nasema lilirushwa kutoka Kondoa, siku bonde la ufa lilipopasuka. Mkilichoka mturudishie.

— Kwa hiyo ni salama, alisema Matonya.

— Miaka yote hiyo halijaanguka, lije lianguke kwa ajili yako? Wewe nani?

Matonya alicheka kwa raha. Akatueleza alivyopata kokoto za msingi bure, hukohuko juu. Unachoma matairi kwenye jiwe dogo mpaka liwake, unalimwagia maji ya baridi, linapasuka lenyewe. Tukamsifu kwa akili, tukaagiza kahawa nyingine.

Dorkasi alitokea sokoni na kikapu chake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama Gladness. Mumeo tumeshamweleza. Hama bila wasiwasi.

— Asanteni. Hilo jiwe limekalia nini?

Injinia alimtazama Bashiri. Bashiri alimtazama Matonya, maana ni yeye pekee aliyewahi kupanda huko.

— Mawe madogo, alisema Matonya.

— Bado yapo?

Matonya aliinamia kikombe chake. Bashiri aliita kahawa, muuzaji akasema imekwisha. Injinia alichungulia tofali chini ya benchi, kisha akainuka polepole, akaenda kusimama ukutani.