Milango Tuliyopigia Hodi

Mgeni rasmi, viongozi mlioandamana naye, walezi wenzetu, na nyinyi majirani mliochagua kusikiliza mkiwa vibarazani kwenu:

Karibu

Karibu katika mtaa wetu wa nyuma ya kiwanda. Tunashukuru kwamba umekuja mwenyewe kutukabidhi vyeti vya uelimishaji afya. Utuwie radhi ikiwa makofi yamekuwa machache. Watu wa hapa hawana ubaya nawe, ila wakiona gari limeshusha watu wenye vizibao, huwaita kwanza watoto ndani ndipo wasalimie. Sababu tutaieleza.

Tulikoanzia

Mafunzo yalipotangazwa, wengi wetu tulidhani ni danganya toto. Mwenzetu mmoja, tunayemwita Msusi kwa kuwa anasuka nywele, alikaa siku ya kwanza karibu na mlango, mkoba begani, tayari kujiondokea. Mkufunzi aliposema watoto wanaharisha kwa sababu walezi hawanawi mikono, Msusi alisimama.

"Mwalimu, tunawe kwa maji yapi? Ya kisima kile kilichopakana na choo?"

Darasa zima likacheka. Mkufunzi hakucheka. Alifunga kitabu, akaomba tumpeleke kisimani, akainama kuchungulia. Kuanzia hapo alitufundisha kwa hali tuliyonayo: kuchuja maji, kuyachemsha, kutundika dumu lenye tundu nje ya choo ili mtu anawe kwa maji kidogo, na kutumia majivu sabuni inapokosekana. Kesho yake Msusi alikaa katikati.

Kazi tuliyoifanya

Mlango uliotushinda ulikuwa wa bibi mmoja anayelea wajukuu wake wawili, msichana na mvulana. Msusi alipiga hodi akiwa na kizibao kipya.

"Nani?"

"Sisi watu wa afya, bibi."

"Waliopita na vizibao kama hivyo walisema wanapima nyumba watuletee maji. Waliowafuata walikuja na tingatinga. Nendeni na afya yenu!"

Msusi alirudi bila kizibao. Akaomba amsuke yule mjukuu wa kike, bure. Bibi akawa anamtazama kwa jicho la pembeni.

"Nani amekutuma?"

"Leo nimejituma."

Walizungumza mpaka kichwa kikaisha. Wiki hiyo dumu likaonekana limetundikwa nje ya choo cha bibi. Msusi alipompongeza, akajibiwa, "Nimelitundika kwa ajili ya watoto. Usijipe kichwa."

Mvua zilipozidi, mjukuu wa kiume alianza kuharisha na kutapika. Bibi alikwenda mwenyewe saluni, hana hata kandambili. Msusi alimwacha mteja na kichwa nusu, akakimbia. Alimkuta mtoto macho yameingia ndani, midomo imekauka. Akachanganya maji yaliyochemshwa na sukari na chumvi kwa kipimo tulichofundishwa, wakamnywesha kijiko kwa kijiko njia nzima hadi zahanati. Mtoto alipona. Tangu siku ile bibi akawa anatutangulia kwa majirani: "Wafungulieni hawa. Ila mkiona wametoa futi ya kupimia nyumba, wafungieni!"

Kilichotukwamisha

Juzi walikuja vijana kuandaa ujio wako, mgeni rasmi. Walimwita Msusi pembeni.

"Dada, wewe unajua kila nyumba. Tuzungushe kidogo."

Mmoja alishika kopo la rangi nyekundu. Machale yakamcheza Msusi. "Hiyo rangi ni ya nini?"

"Utaratibu tu."

"Milango hiyo nilifunguliwa mimi. Siwezi kuwafungulia nyinyi."

Wakazunguka peke yao. Leo nyumba za upande wa kisimani zina alama nyekundu ukutani, ya bibi ikiwemo. Tangu hapo hakuna mlezi upande ule aliyetuitikia. Jana Msusi alipiga hodi kwa bibi. Akasikia mtoto anakohoa ndani, kisha akasikia komeo likisukumwa. Alisimama pale na kizibao chake, kisha akaondoka.

Hatumshtaki mtu, kwa sababu hatujui. Tulishauriwa sehemu hii tuipunguze. Tumeipunguza, ilikuwa ndefu zaidi.

Ombi letu

Sabuni na mabuti ya mvua tutakuomba siku nyingine. Leo tuna ombi moja. Tuambie alama zile ni za nini. Usituambie ofisini wala kupitia mjumbe, bali hapa, kwenye kipaza sauti hiki, kabla ya vyeti. Kama ni za mabomba ya maji, tutazunguka nyumba kwa nyumba leo hii tukitangaza kwa furaha. Kama ni za tingatinga, sema pia, walezi wajue watoto watalala wapi, nasi tuvue vizibao hivi, maana hatutaweza kuvivaa tena mbele yao.

Msusi ametuagiza tuongeze: jina lake lisiitwe kupokea cheti mpaka utakapojibu. Tulipoulizana usiku wa jana nani mwingine anasema hivyo, mikono yote ilinyooka.

Mwenyezi Mungu akulindie walezi waliokulea na watoto unaowalea, na aulainishe ulimi wako useme kweli. Sasa tunakaa chini, tunakusikiliza.

Ni sisi,
Waelimishaji Afya wa Nyuma ya Kiwanda