Risala ya Wakaazi wa Mlango Mdogo Kuhusu Sahani za Bi Konsesa

Iliyosomwa na Bi Thuwaiba Zahor, siku ya kufunguliwa duka la ushirika la mtaa, Unguja Mjini, Januari 1971

Mgeni rasmi, Ndugu Borafya Ame. Viongozi mliofuatana naye. Wazee wetu, shikamooni. Majirani, na watoto mliopanda ukutani:

MAKARIBISHO

Tunakukaribisha Mlango Mdogo kwa mikono miwili. Tumefagia, tumepaka chokaa, na tumekuandalia chai na vitafunio, ambavyo tunafurahi kuona umeshavionja. Tunawakaribisha pia wale mabwana wawili waliokaa nyuma karibu na mlango, ambao hatukuwaalika wala hawakututajia majina. Nao wamepewa chai.

Risala hii tulitakiwa tuipeleke mapema ikaangaliwe. Tuliipeleka. Ilirudi fupi, imebakia shukrani na ombi la taa ya njiani. Shukrani tunazitoa kwa moyo, maana duka hili tulilihitaji. Taa nayo tunaiomba. Yaliyokatwa tutayasema kwa adabu, na tukiteleza utusamehe, kwani mtaa huu haujalala vizuri tangu Krismasi.

HISTORIA YA MTAA

Mtaa wetu una Waislamu wengi na Wakristo wachache, na miongoni mwao Magoa wa kanisa Katoliki. Hatutakudanganya kwamba tulipendana tangu siku ya kwanza. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa tusipite karibu na kanisa, padri atatumwagia maji na tutarudi nyumbani tumeshabatizwa. Tulikuwa tukipita mbio. Lakini kengele yao ya adhuhuri ikilia, mama zetu walijua wamechelewa kuinjika wali.

Mambo ya watu hawa yaliingia majumbani mwetu bila ya kupiga hodi. Masista waliwafundisha mabinti kufuma vitambaa, na leo hakuna bibi harusi wa hapa anayekwenda kwa mumewe bila ya vitambaa vya kufuma. Mwenzetu aitwaye Mmanga, aliyekupigia tarumbeta ulipokuwa unaingia, alifundishwa na marehemu mume wa Bi Konsesa, mpigaji wa kanisani. Watu walisema kijana huyu ataritadi, atoke katika dini. Hakuritadi, amekuwa mpiga tarumbeta.

Bi Konsesa mwenyewe ni mjane wa Kigoa, mpishi wa keki na vitamu. Kila Krismasi hupeleka sahani kwa kila nyumba ya mtaa, ya Mkristo na ya Mwislamu, imefunikwa kitambaa. Ndani mna visambusa vya nazi na dodoli, ambayo ni kama halua, ila ni ya unga wa mchele na tui. Nasi haipiti wiki tunairudisha sahani ina kitu chetu ndani. Kwetu sahani hairudi tupu. Hata aliyefilisika atatia ndimu mbili.

Mwanzo wazee walizitilia shaka sahani hizo. Mzee Sleiman ya kwake alikuwa akimpa paka. Mpaka mkewe, Bi Hamda, akamwendea Bi Konsesa akamwuliza waziwazi, "Mwenzangu, humu hamna mvinyo? Hamna mafuta ya yule mnyama?" Bi Konsesa hakukasirika. Alimsogezea kibao akamwambia, "Kaa kitako, Bi Hamda. Tizama mwanzo mpaka mwisho, kisha ukawaambie." Tangu hapo imekuwa ada: vitamu vya Krismasi vikipikwa, mwanamke mmoja wa Kiislamu hukaa jikoni kushuhudia. Paka wa Mzee Sleiman amekonda.

MAFANIKIO

Tumepata duka. Tuna darasa la watu wazima. Hatujapata kugombana kwa sababu ya dini, na tulikuwa tukijivunia jambo hili mpaka mwezi uliopita.

MATATIZO

Mgeni rasmi, unajua sukari ilivyokuwa adimu kabla ya duka hili. Katika hali hiyo kuna mtu alipeleka habari. Alisema kwamba wanawake wanakutana jikoni kwa Bi Konsesa mlango ukiwa umefungwa; kwamba vitu vilivyofunikwa hupelekwa nyumba hadi nyumba; na kwamba Bi Konsesa anapokea barua zenye stempu za kigeni.

Yote ni kweli. Mlango ulifungwa kwa sababu harufu ya sukari inayoiva, mwaka wa foleni, ingeuleta mji mzima. Vilivyofunikwa ni vitamu. Barua zinatoka kwa dada yake aliye mtawa Goa, na kwa padri mzee aliyerudi kwao Ufaransa. Tunafahamu kwamba Wakatoliki wana jamaa zao duniani kote, na kwamba wanasali sala moja siku moja kutoka Bagamoyo mpaka Rumi, na jambo hilo linaweza kumtia mtu wasiwasi. Hata sisi lilitutia. Lakini na sisi tunaelekea kibla kimoja na watu wa nchi tusizozijua, na asubuhi tunaamka tukaenda kupanga foleni ya mchele hapa hapa Unguja.

Usiku wa kuamkia Krismasi walikuja vijana waliosema wametumwa. Walimkuta anakoroga. Bi Hamda alikuwepo juu ya kibao chake, na hivi ndivyo anavyosimulia.

"Sukari yote hii umeitoa wapi?"

"Nimepewa, mwanangu."

"Na nani? Kanisa? Ulaya?"

"Nshakwambia, nimepewa."

"Mtaje aliyekupa."

"Dodoli itashika chini, baba. Nipishe nkoroge."

Hakumtaja mtu. Walichukua pasipoti yake, akaambiwa aondoke kisiwani ifikapo Jumamosi hii, arudi kwao Goa. Goa hajapata kuiona kwa macho. Amezaliwa katika chumba kile kile anacholala mpaka leo. Na asubuhi ya Krismasi sahani zilikuja nyumba zote, kama kila mwaka.

Aliyepeleka habari ni wa humu humu, kwani alijua siku ya kupika na alijua nani yuko jikoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Sahani zote zimeshamrudia Bi Konsesa, isipokuwa moja. Hatumtaji mwenye nayo, ila tunamwona amekaa anatusikiliza.

Sasa tuseme lile ambalo Bi Konsesa alikataa kulisema. Sukari ilikuwa yetu. Kila nyumba ilitoa kikombe katika mgao wake, kwa sababu hatukutaka Krismasi ipite mtaa ukiwa hauna sahani. Kutoa sukari ya mgao ni kosa, na tulilijua. Yeye alilijua zaidi, ndiyo maana akanyamaza. Na sisi tukanyamaza vilevile kwa hofu, tukamwacha mjane asimame peke yake, na tunaona haya. Hata nyumba ile ambayo sahani yake haijarudi ilitoa kikombe chake.

MAOMBI

Tunaomba taa ya njiani. Tunaomba duka lisikose sukari.

Tunaomba Bi Konsesa arudishiwe pasipoti yake na aachwe nyumbani kwake. Ikiwa lazima apatikane mkosaji wa sukari, basi mkosaji ni mtaa mzima, na meli ya Jumamosi ije kubwa.

Mwisho, mgeni rasmi, tuizungumze hiyo sahani iliyo mbele yako. Hiyo ni dodoli, na tumekuona ukirudia. Ameikoroga Bi Konsesa tangu alfajiri, na Bi Hamda alikaa jikoni, kwa hivyo usiwe na shaka. Iliyobaki tutaifunika uende nayo kwa watu wa nyumbani. Sahani ni ya Bi Konsesa, na mtaa wote unajua imekwenda kwako. Tunaisubiri kabla ya Jumamosi, na umeshasikia kwamba kwetu sahani hairudi tupu.

Mwenyezi Mungu, ambaye kila nyumba hapa inamwita kwa namna yake, akupe afya, akupe macho ya kuona na moyo wa kupima, na aijaalie nchi yetu amani. Mapinduzi daima.

Ni sisi wenye sukari,
Wakaazi wa Mlango Mdogo.