Rhobi Mogesi, Aliyejenga Nyumba Isiyo na Ngazi

Wazee wetu shikamooni, wachungaji, majirani, na ninyi nyote mliofika hapa Itiryo kutoka mbali na karibu, familia inawaomba mtulie kidogo, msikie maisha ya mama yetu Rhobi Mogesi, tangu siku aliyozaliwa hadi siku aliyotutoka.

Rhobi alizaliwa tarehe 11 Mei 1974 hapa hapa Itiryo, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mama Boke, mke mdogo wa Mzee Mogesi, na nyumba ya Mama Boke ilikuwa ya mabinti watupu, wakati nyumba ya mke mkubwa ilijaliwa wavulana, kati yao kaka yetu Ezra. Mwaka 1977 alishikwa na homa kali kwa siku nne, na homa ilipoondoka iliondoka na nguvu za miguu yake, hakusimama tena. Wapo waliosema amerogwa, wapo waliosema mama yake alivunja mwiko, na wapo waliokuja kumnong'oneza Mama Boke kwamba mtoto wa namna ile hapewi maziwa mengi, kwa kuwa hatamfaa mtu, lakini Mama Boke alikuwa na jibu moja tu kwa wote, "Kwanza maliza hayo maziwa yangu unayokunywa, ndipo unipimie ya mtoto wangu."

Mwaka 1982 walimu walipita mji kwa mji, yaani boma kwa boma, kuandikisha watoto wa darasa la kwanza, na siku hiyo Rhobi alifungiwa jikoni mpaka walimu wakaondoka, si kwa sababu Mzee Mogesi alimchukia binti yake, bali aliona aibu, na aibu ya siku zile ilikuwa na nguvu kuliko sheria. Alikaa nyumbani hadi mwaka 1990, akiwa na miaka kumi na sita, alipojiandikisha mwenyewe katika elimu ya watu wazima, darasa lililokuwa likifanyika saa kumi jioni kwenye ghala la ushirika, naye alikuwa akitoka nyumbani saa saba mchana, kwa kuwa alitambaa njia yote, amevaa ndala mikononi. Watoto wa njiani walimfuata wakimcheka, "Rhobi, leo umekosea, viatu umevaa mikononi!" naye aliwajibu bila kusimama, "Sijakosea, ninyi ndio mnaokanyaga mavi ya ng'ombe kwa miguu mitupu." Alimaliza hatua ya nne mwezi Novemba 1993, akijua kusoma, kuandika na kujumlisha, na kwa maisha yake yote hakuna mtu aliyemsomea barua.

Tarehe 2 Agosti 1999 Mzee Mogesi alifariki, na katika historia iliyosomwa kaburini ilitajwa kwamba katika nyumba ya Mama Boke ameacha mabinti wawili. Rhobi, wa tatu, alikuwa ameketi nyuma ya jiko, mahali alipowekwa ili wageni wasimwone, akasikia kila neno. Jioni alimwuliza baba mdogo aliyeiandika historia ile, imekuwaje, naye akasema, "Mwanangu, tulisahau tu, watu walikuwa wengi," na Rhobi akamwambia, "Baba mdogo, ndama wenu aliyevunjika mguu mlimhesabu asubuhi." Hakununa, lakini miaka mingi baadaye alimwambia Modesta, mke aliyemwoa kimila kama mtakavyosikia, kwamba tangu siku ile alijua anachokitafuta duniani, yaani kuwa mtu ambaye mji hauwezi kuhesabiwa bila yeye.

Kwa kazi, marehemu alikuwa msokotaji wa kamba za ng'ombe. Alipanda katani kuzunguka shamba la mama yake, akaikwangua na kuikausha, na kwa kuwa mapaja yake hayakuweza kusokotewa kama wafanyavyo wengine, alifunga ncha moja kwenye kigingi na kusokota kwa viganja, na kamba zake zikawa ngumu kuliko za wote. Mwanzo hazikununuliwa, watu wakisema kamba ya kiwete itamtegua ng'ombe mguu, mpaka mwaka 2003 mfanyabiashara mmoja wa Tarime, Bwana Ramadhan, alipokatikiwa na kamba mnadani na fahali wake akakimbilia kwenye mahindi ya watu, akachukua ya Rhobi kwa shida, na baada ya mwezi akarudi kuchukua thelathini. Walipomwuliza kama haogopi, alijibu, "Ng'ombe wangu hajawahi kuniuliza nani kaisokota." Kuanzia hapo Rhobi alipata mbuzi, mbuzi wakabadilishwa kwa ndama, na mwaka 2006 kanisa kule Mugumu likamsaidia baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuendesha kwa mikono.

Baiskeli ile ilimfikisha kwenye ofisi nyingi na haikumwingiza hata moja, kwa kuwa zote zilikuwa na ngazi, na mara nyingi alisikilizwa kupitia dirishani, kama mtu anayenunua chumvi dukani. Ndiyo maana mwaka 2011, alipojenga nyumba yake, ile mnayoiona mbele yenu, alikataa ngazi na kizingiti, akataka mlango mpana, kitasa cha chini, na jiko la mtu kupikia akiwa ameketi. Fundi alimwonya, "Mama, nyumba bila ngazi maji ya mvua yataingia," naye akamwambia, "Maji yakiingia yatatoka, mimi nikishindwa kuingia nitalala wapi?" Humo ndani Rhobi alipika, alifagia, alikaribisha wageni, na aliyemkuta humo hakukumbuka kuuliza habari za miguu.

Kuhusu ndoa, wengi wenu mnajua, na wasiojua waelezwe. Kwa mila yetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume huweza kuoa mke, ambaye huzaa na mwanamume wa chaguo lake na watoto wakawa wa nyumba hiyo, ili apatikane mrithi, nayo huitwa nyumba ntobhu, na mwaka 2014 Mama Boke, akiona uzee umefika na nyumba yake inakwenda kuzimika, aliwaambia wazee kwamba Rhobi ataoa kwa jina la nyumba ile, kwa ng'ombe waliotokana na kamba. Kikao kilikaa tarehe 19 Julai 2014, na maneno yalikuwa makali, wengine wakicheka wazi kwamba kiwete aliyekosa mume sasa anatafuta mke, na kaka yetu Ezra, ambaye ndiye anayewasomea sasa, na ameomba sehemu hii isiachwe, alisema mbele ya wote, "Mji hauwezi kuwa na mwenyewe asiyeweza kusimama."

Rhobi aliwatazama wazee mmoja mmoja juu ya vigoda vyao, kisha akasema, "Kaka Ezra, tumeanza kikao hiki tangu asubuhi, na sasa jua linapinduka. Nani amesimama? Mambo yote ya ukoo huu mnayaamua mmekaa, nami nimekaa. Sasa mimi nimepungukiwa nini?" Mzee wa ukoo alicheka hadi akafuta macho, akasema mtoto amesema kweli, na kikao kikapitisha.

Mke aliyeletwa ni Modesta, kutoka Serengeti, akiwa na miaka ishirini, naye siku ya kwanza aliona haya hata kuinua uso. Kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka, Rhobi alimwita pembeni akamwuliza, "Binti, wewe mwenyewe unasemaje? Ng'ombe hawawezi kukujibia," na Modesta anakumbuka kwamba katika maisha yake hakuwahi kuulizwa swali lile na mtu mzima. Alikubali, na ndoa ikafungwa kimila tarehe 6 Septemba 2014, na nyumba ile ikajaliwa watoto wawili, Nelson aliyezaliwa mwaka 2015 na Precious aliyezaliwa mwaka 2018. Mama Boke aliwapakata wote wawili, na akafariki mwaka 2019, akijua jina lake halitapotea.

Mwezi Machi 2022 kaka Ezra alianguka na bodaboda akitoka Tarime, akavunjika nyonga, akawa anatembea kwa magongo. Nyumba yake mwenyewe, aliyoijenga kwa fahari, ina ngazi nne ndefu, na kila alipotaka kutoka ilibidi abebwe na wanawe, naye ni mtu mkubwa mwenye heshima zake, akaona vibaya. Nyumba pekee katika ukoo aliyoweza kuingia bila kubebwa ilikuwa ya Rhobi. Siku ya kwanza alifika akasimama mlangoni na magongo yake, na Rhobi akamwambia, "Pita kaka, hapa hakuna mtihani," na kwa miezi mitano Ezra alishinda humo, akinywa uji, akimsaidia kukwangua katani, na mambo ya zamani waliyazungumza wenyewe wakayamaliza.

Marehemu alianza kuugua mwezi Julai 2023, maumivu ya tumbo yasiyokoma. Katika zahanati moja kitanda kilikuwa juu sana asiweze kukipanda, na muuguzi alimwuliza Modesta, "Huyu anaumwa nini?" naye Modesta, ambaye kwa kawaida husema kwa sauti ya chini, alisikika hadi nje, "Mwulize mwenyewe, masikio yake hayajapooza." Mwezi Oktoba alipelekwa Mwanza kwa rufaa, ikagundulika ni saratani ya kizazi, na madaktari walimweleza yeye mwenyewe, ana kwa ana, ukweli wote.

Baada ya hapo hofu yake haikuwa kifo. Maneno yalishaanza kupita kijijini kwamba akifa, Modesta atarudishwa kwao na watoto, na shamba litarudi kwa wavulana wa nyumba kubwa, na usiku alikuwa hapati usingizi kwa hilo kuliko kwa maumivu. Kaka Ezra alisikia, na hakungoja kuulizwa. Tarehe 14 Desemba 2024 alifika na wazee wa ukoo pamoja na mtendaji wa kijiji, akasema mji huu ni wa Rhobi, baada yake ni wa Modesta na watoto, na atakayeugusa aanze na yeye, kisha akataka mipaka izungukwe siku hiyo hiyo, mwenyewe akiwepo.

Wakazunguka, Ezra mbele na gongo lake, Rhobi kwenye baiskeli akisukumwa na Nelson, na nyuma wazee, majirani na mtendaji na karatasi zake, wakisimama kila penye tope au jiwe mpaka baiskeli ipite. Kazi ya saa moja ikachukua saa nne, na mtendaji alipotazama saa yake, Rhobi alimwambia akicheka, "Vumilia mwanangu, leo ndiyo mara ya kwanza watu wote kwenda mwendo wangu." Waliporudi waliweka sahihi na dole gumba, na usiku ule alilala hadi kulipokucha, na hata dawa hakuiomba.

Aliishi wiki kumi na mbili zaidi, na zilikuwa nyepesi. Tarehe 9 Machi 2025, saa moja asubuhi, alifariki nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, bila kuhangaika. Tunalia, lakini pia tumeshusha pumzi, kwa kuwa maumivu yamekwisha, na hakuondoka na deni la moyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na wale wa Tarime waliompokea kwa heshima, majirani waliochota maji na kukata kuni miezi yote hii, wafanyabiashara wa mnadani wakiongozwa na Bwana Ramadhan, waumini wa Mugumu, mtendaji wa kijiji, na vijana waliochimba kaburi hili katikati ya ua, mahali anapozikwa kichwa cha mji, bila mtu yeyote kubisha.

Pumzika kwa amani, mwenye mji.