Wendell Hruska na Kovu Alilolirudisha

Baada ya miaka thelathini na minane kwenye meza ileile, kando ya dirisha lilelile lisilofunguka, Bwana Wendell Hruska anastaafu rasmi Jumatano hii, mkesha wa Sikukuu ya Shukrani. Tarehe aliichagua mwenyewe, ili msimu wa kuwinda kulungu ukifunguliwa asiwe na wa kumwomba ruhusa. Wasifu huu umeandikwa na Loretta Pastorek wa kaunta ya malipo, kwa kuwa katika wafanyakazi watano wa Ostrander na Mwana, Bunduki na Chambo, ni Loretta peke yake anayejua nukta inakaa wapi.

Wendell alipoambiwa kwamba wasifu wake utabandikwa kwenye mlango wa friji la minyoo ya chambo, mahali jarida letu linapochapishwa siku zote, alitoa sharti moja. "Usinisugue, Loretta," alisema. "Ukinisugua sana, Bernice hatanijua, na nimeshamzoea." Bernice ni mkewe. Basi msasa tumeuweka kando.

Aliingia hapa enzi za marehemu mzee Ostrander, akiwa kijana aliyeachishwa kazi pamoja na nusu ya mji wa Coalbrook siku tanuri za chuma zilipozimwa. Mzee hakumuuliza vyeti. Alimsukumia sanduku la bastola zilizoliwa na kutu na kumwambia, "Zikilia, umeajiriwa." Zililia zote, na moja ililia kabla haijaombwa. Tundu lake bado lipo darini, na bosi wetu wa sasa huwaambia wateja kwamba lilipigwa na jambazi.

Utaalamu wa Wendell ni bastola za silinda zilizotumiwa na walinzi. Kampuni za ulinzi zilipoanza kuhamia silaha mpya za plastiki, zile za zamani ziliuzwa kwa masanduku, na masanduku yakaishia mezani kwake. Kwa nje zinatia huruma: rangi imekwanguliwa na ala, mpini umepauka kwa jasho, kutu imeingia kwa mvua ya maegesho ya magari. Kwa ndani ni mpya kabisa. Mafundi husema zimebebwa sana, zimepigwa kidogo. Nani ataiba godoro kwenye bohari la magodoro, tena mvua ikinyesha?

Wendell alikuwa akifungua mpini na kutusomea yaliyomo kama daktari anayesoma majibu ya maabara. Sukari ya donati iliyogeuka jiwe. Haradali. Tiketi ya bahati nasibu iliyokunjwa vizuri, isiyo na bahati yoyote. "Hii haijawahi kumwona mwizi," alitangaza siku moja. "Lakini sandwichi, imeziona!" Kisha ataloweka, atapiga brashi ya shaba, atapitisha tupa, atakirudishia chuma ile rangi yake ya buluu iliyokolea, huku akipiga mluzi wa wimbo mmoja tu wa polka anaoujua. Usione vyaelea, vimeundwa, na vingi vilivyoelea kwenye kabati letu la kioo viliundwa na mikono hiyo.

Kasoro zake nazo zisemwe, maana ndiyo masharti. Hajawahi kuosha kikombe. Hucheka mizaha yake kabla hajaimaliza. Na hana msamaha kwa mtu anayefunga silinda kwa kurusha kifundo cha mkono, paa, kama kwenye sinema, kwa sababu ndivyo vyuma vinavyopinda. Padri Kosko alifanya hivyo mbele yake, akiwa amekuja kuuza tiketi za bingo tu. Wendell alimnyang'anya bastola na kumwonyesha mlango. "Padri, toka nje. Ukishatubu, rudi." Padri alirudi baada ya Pasaka, na tangu hapo hufunga silinda kwa mikono miwili kama anayefunga tabernakulo ya kanisani.

Mzee Ostrander alipofariki, duka lilirithiwa na mwanawe, Chip, aliyekuwa amesomea biashara chuoni kwa mihula miwili. Chip alipiga marufuku neno mtumba. Tukaagizwa kusema "yenye historia". Akaleta madaraja: "Bora" maana yake kutu upande mmoja, "Nzuri Sana" ni kutu pande zote mbili, na "Nzuri" ni nunua halafu umwombe Mungu. Kisha akaja na kadi. Kila bastola ilipewa kadi yenye kisa chake, na kisa kilitungwa na Chip ofisini huku anakula pierogi za viazi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Cha Chip kilitembezwa kwa mwandiko wa mapambo.

Wendell hakuwa na kauli juu ya kadi. Aliendelea na kazi. Na katika sanduku moja lililotoka kwa kampuni ya ulinzi ya wilaya ya jirani, alifanya kazi iliyo bora kuliko zote alizowahi kufanya. Bastola hiyo ilikuja na kovu baya chini ya kitako, chuma kimebonyea na kuchubuka, kana kwamba mtu aliigeuza nyundo. Alilipiga tupa mpaka likaisha, akalipaka rangi, akatuita wote tuje kulitafuta. Hatukuliona. Alifurahi, tena alifurahi waziwazi, jambo ambalo kwake hutokea mara chache. Chip akaiandikia kadi: Ilikabiliana na majambazi watatu katika benki moja ya Pittsburgh. Daktari mmoja wa meno aitwaye Prescott Lyle akaja mbio kutoka jijini kuinunua.

Siku hiyo Dakta Lyle alikuwa amesimama kaunta, Chip kashika simu akisubiri polisi wa jimbo wathibitishe kwamba mnunuzi hana rekodi ya uhalifu, wakati mama mmoja mwenye koti la zamani la ulinzi, beji imeshafumuliwa, alipoingia. Alijitambulisha kuwa Dolores Yurick. Alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda cha sahani, tena miaka kumi ya mwisho kiwanda kilikuwa kimeshafungwa na sahani hazikuwepo, lakini lango lilikuwepo na yeye alikuwepo.

"Walinipa asubuhi moja tu nirudishe kila kitu," alisema. "Sare, funguo, tochi, bastola. Jioni wakanipigia wakaniambia nisirudi. Nasikia bastola zetu mmezinunua ninyi. Naitaka yangu."

"Utaijuaje, mama?" aliuliza Chip, simu begani. "Zote zinafanana."

"Yangu ina kovu chini. Kila Krismasi nilikuwa naitoa risasi, naigongea msumari wa kutundikia shada la majani pale langoni. Kampuni haikutupa nyundo." Akatabasamu kidogo. "Nimekaa nayo kuliko nilivyokaa na marehemu mume wangu, na haijawahi kunijibu vibaya. Mle langoni hakuna mwingine aliyeniona nikiwepo."

Tulizitoa zote za sanduku lile. Alizigeuza moja moja, akipapasa kitako kwa kidole gumba, na kila aliyoirudisha alisema, "Siyo." Ile iliyokuwa mbele ya daktari nayo aliipapasa. Ilikuwa laini kama yai. "Siyo," akasema, akafunga vifungo vya koti. Alisema asante, akaanza kuondoka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuambiwa kwamba hakuna mgonjwa wa jina hilo hapa.

Hakuna ambaye angejua. Mwenye ushahidi alikuwa Wendell, na ushahidi wenyewe alikuwa ameugeuza vumbi na kuufagia. Kule mezani mluzi ulikatika. Sisi tuliomzoea tuligeuka wote, kwa kuwa ule mluzi haukatiki hata umeme ukikatika.

Alikuja kaunta akiwa na msumari mkononi. Akamwomba daktari samahani, akaichukua ile bastola, akafungua silinda, akaangalia mashimo yote matupu, akaifunga polepole kwa mikono miwili.

"Mama Dolores, subiri. Kovu lilikuwa upande gani?"

Yule mama aligeuka. "Kushoto. Karibu na ukingo."

Wendell akasimamisha msumari juu ya kaunta ya marehemu mzee, mbao ya mwaloni isiyowekewa hata kikombe bila kitambaa, na kuugonga kwa kitako cha kazi bora ya maisha yake. Mara moja. Mara ya pili. Rangi ya buluu ikaruka.

"Wendell!" Chip alipiga kelele. "Umerukwa na akili?"

"Nairudishia historia yake, bosi. Si ndiyo unayouza?"

Akamwonyesha mama chini ya kitako. Dolores alisogea, akavaa miwani, akachungulia.

"Ongeza kidogo, kaka," alisema. "Mimi nina mkono mzito."

Akaongeza. Dakta Lyle alitangaza kwamba haitaki tena, imeharibika, na kwamba yeye hukusanya silaha zenye hadhi. Bastola ikashushwa hadi daraja la "Nzuri", ambalo hata mlinzi aliyeachishwa kazi analimudu. Dolores alisubiri simu ya polisi kama kila mtu, akapitishwa, akaondoka nayo. Mlangoni alikuwa analia na hakujificha. Loretta naye alilia, na anayebisha aje kaunta.

Chip hakumsemesha Wendell mpaka barafu ilipoyeyuka mtoni. Siku hizi amebandika kadi kando ya ule msumari, ambao bado umo kauntani: Msumari wa Kihistoria. Ni kadi ya kwanza ya Chip isiyo na uongo, na amekiri kwamba ndiyo iliyomsumbua zaidi kuitunga.

Tangu hapo, kila Desemba Dolores huja kutugongea shada la duka kwa bastola yake. Hatumpi nyundo, ingawa tunazo ukutani, zinauzwa. Kabla hajagonga, humkabidhi Wendell, naye hukagua silinda, shimo moja baada ya jingine, kisha humrudishia kwa heshima ambayo hatujamwona akimpa mtu mwingine, Padri akiwemo.

Wendell, tunakushukuru kwa chuma chote ulichokifufua, na kwa siku ile uliyokubali kuiharibu kazi yako. Nenda, kulungu wakuogope, Bernice akuvumilie, mvua isikukute msituni. Chip alitaka kukununulia saa yenye maandishi. Tukamkataza, tukijua utayafuta kwa tupa. Lakini shada la mwaka huu halijagongwa, na Dolores ameshasema hamkabidhi bastola yake fundi mpya. Njoo ukague silinda. Kikombe chako kiko palepale, na hatujakiosha.