Kocha Aliyeingiza Kitanda Mchezoni

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mama tuliyemzika Jumamosi. Alikuwa mwalimu wa mazoezi katika makao ya wazee. Wote walimwita Kocha. Mfupi, lakini mwenye sauti ya kusimamisha lori.

Kocha alifundisha michezo shuleni miaka thelathini. Alipostaafu, akaombwa awapangie mazoezi wakazi wa makao. Siku ya kwanza aliingia ukumbini na filimbi. Akapuliza, akaamuru wote wasimame. Wazee walikuwa ishirini na wawili. Walisimama watatu, na mmoja wao alikuwa anakwenda msalani.

Binti yake anakumbuka: "Mama alirudi amenuna. Akaniambia, 'Wale wazee hawana kosa, mwanangu. Mgonjwa ni mpango wangu.'"

Kesho yake akaacha filimbi nyumbani, akachukua daftari. Akapita chumba kwa chumba akiuliza kila mmoja ni kiungo gani bado kinamtii. Bibi asiyeona akasema mikono. Babu mmoja akasema shingo, tena upande mmoja. Fundi cherehani mstaafu alikuwa hajatoka chumbani miaka miwili. Nasema tena, miaka miwili. Akageukia ukutani, akajibu kwamba amebaki na mguu wa kulia tu, nao hauna safari.

Basi Kocha akasukuma kitanda kizima hadi ukumbini, fundi akiwa juu yake akinung'unika njia nzima. Wazee wakakaa duara, wengine kwenye viti vya magurudumu. Likarushwa puto lenye punje za mchele ndani, ili bibi asiyeona alisikie likija. Lilipomfikia fundi, mguu ukafyatuka. Puto likagonga kikombe cha meneja wa makao, chai yote ikaishia kwenye shati. Watu walicheka hadi machozi. Fundi akasema taratibu, "Nirudishieni hilo puto."

Tangu hapo, kitanda kikichelewa kutolewa, fundi alikuwa mkali.

Mwaka jana Kocha mwenyewe akapata kiharusi. Upande wa kushoto ukalala. Akajifungia ndani, hataki kuonwa. Wazee wakamtumia gari la makao. Na aliyempangia mazoezi ni yule fundi, tena bila huruma.

"Mama alilalamika kwamba wanamtesa," anasema binti yake. "Lakini gari likifika, linamkuta ameshavaa raba."

Alicheza hadi wiki yake ya mwisho.

Kwa binti yake, wajukuu na wazee wote wa makao, poleni sana. Nasi wengine tujiulize: yule mzee wetu anayekaa peke yake pembeni, ni yeye aliyechoka, au ni sisi tuliochoka kumsogezea kiti?